Damu Iliyovaa Ovaroli Yangu

4 Februari

Kitinda mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi. Karakana yetu ya kushona iko ghorofa ya tatu, na siku hizi napanda kwa awamu. Wenzangu wameniwekea kigoda pale ghorofa ya pili, wanakiita ofisi yangu. Ukipita unasalimia, unaniacha nihemee, unaendelea na safari yako. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nikisema maneno kumi nakohoa ishirini, na Mama yuko chumba cha pili anasikiliza kila kitu.

Nina habari, sijui niiite njema au mbaya. Si kifua kikuu. Nimemeza dawa zake mara mbili, miezi sita na miezi minane, kama Baba alivyomeza zake mpaka akafa nazo mkononi, na ugonjwa wenyewe haukuwa huo. Nimepata daktari mpya, mwanamke, mpole, haandiki kabla hujamaliza kusema. Aliitazama picha ya kifua changu muda mrefu, halafu akaniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na mtu: nyumbani kwenu nani alifanya kazi ya chuma? Nikamwambia Baba alisaga vipuri vya shaba miaka kumi na tisa. Akauliza: na nguo zake alizifua nani?

Unakumbuka alizifua nani. Mama alikuwa anapika kule kwenye bweni la wanafunzi, anarudi Jumamosi kwa Jumamosi. Baba akija na ovaroli, mimi nazikung'uta dirishani kwanza ndipo nazilowesha, na wewe uko pembeni unacheka vumbi linavyong'aa juani.

Daktari anasema katika ile shaba huwa wanachanganya madini mepesi yanayoitwa berili, ili iwe ngumu. Watu wengi wakivuta vumbi lake halifanyi kitu. Ila kuna wengine wamezaliwa na alama fulani katika damu, na miili yao ikikutana na vumbi hilo inalichukia, inapigana nalo bila kuacha, mpaka mapafu yanavimba na kujaa vinundu. Alama peke yake si ugonjwa. Alivyoniambia mimi ni hivi: alama ni mlango ulioachwa wazi, vumbi ndilo mwizi. Mlango wazi bila mwizi, nyumba inalala salama.

Sasa nakuomba mambo mawili. La kwanza, nenda ofisini kwenu uombe karatasi inayoonyesha Baba alisaga madini gani. Daktari anaitaka ili anibadilishie dawa kwa uhakika. La pili ni wewe. Uko kiwanda kilekile, karibu na mashine zilezile. Kapimwe, tafadhali. Mama haniulizi tena naendeleaje, ananiuliza Kitinda anakohoa? Kila siku, asubuhi na jioni. Nimechoka kumjibu sijui.

Dada yako

17 Februari

Dada,

Pole sana. Nimesoma barua yako mara tatu. Yaani miaka yote ile tunakupa kikombe chako peke yako, tunakupa sahani yako peke yako, kumbe hukuwa na cha kumwambukiza mtu. Unisamehe kwa hilo la kikombe.

Karatasi ya Baba hii hapa ndani. Msimamizi wa usalama hakunisumbua, alifungua faili, akapiga muhuri. Ni kweli, berili imo. Imeandikwa kabisa.

Kuhusu mimi msiwe na wasiwasi. Kiwanda kilitupima wote miaka miwili iliyopita, damu hiyohiyo ya alama. Manesi walikuja wakakaa kwenye kantini siku nzima. Mwenye alama anapelekwa bohari kupanga maboksi, asiye nayo anaruhusiwa chumba cha kusaga. Mimi niko chumba cha kusaga, kwa hiyo jijibu mwenyewe. Nimekuwekea na nakala ya karatasi yangu, umwonyeshe Mama. Sina alama hata moja.

Kazi ninaipenda, Dada. Nikishika kipuri najua kwa kidole kama bado kinene, kabla ya kukipima. Msimamizi ananiita mkono wa marehemu, maana yake mkono wa Baba. Kutoka kwangu mpaka kule bohari ni mlango mmoja tu, lakini waliovuka mlango ule sijaona aliyerudi, na wengi baada ya mwaka hata bohari hawapo.

Usiache kuandika. Mtandao wa huku ni mbovu, simu inakatakata, bora barua. Na hiki kimafua nilichonacho ni cha msimu, usimwambie Mama.

Kitinda

2 Machi

Kitinda,

Laiti ungemwona Mama. Nilimsomea ile karatasi yako, akaichukua, akaivalia miwani akaitazama mwenyewe ingawa maandishi yake ni ya kisayansi matupu. Akasema, "Angalau mmoja." Halafu akaenda kulala mchana, kitu ambacho sijamwona akifanya tangu Baba afe. Alilala saa tatu nzima. Niliingia mara mbili kuangalia kama anapumua.

Mimi nimeanzishiwa vidonge vipya vya kushusha uvimbe. Vinafanya kazi. Jana nilifika ghorofa ya tatu bila kupita ofisini kwangu. Ila uso umenivimba kama andazi, wateja wanadhani nimenenepa kwa raha. Mmoja aliniambia ndoa imenikubali. Nikamwambia ndoa ipi?

Daktari ameniomba kitu. Hospitali yao inafuatilia familia zenye alama hii, wanataka kujua inavyorithiwa. Nimempa karatasi yako aiweke na yangu, na Mama naye ametoa damu. Alikuwa na woga wa sindano, nikamwambia umezaa watoto wawili unaogopa sindano ya nesi? Akasema kuzaa hakuna mtu anayekwambia utazame pembeni.

Kila nikikuwaza siku hizi nashusha pumzi, na kwa mapafu yangu haya kushusha pumzi si jambo dogo. Mlango wako umefungwa, mdogo wangu. Saga kwa amani.

Dada yako

13 Machi

Dada,

Nimefurahi kuhusu ngazi.

Ile karatasi yangu ningeomba uirudishe. Si kwamba kuna neno, ila ni mali ya kiwanda, hatutakiwi kuzitoa nje. Mwambie daktari aifute, atumie zenu wawili zinatosha. Nyie ndio wagonjwa, mimi naingiaje? Na Mama alikuwa anatolewa damu ya nini mtu mzima kama yule?

Samahani kama naandika kwa ukali. Tumekuwa na zamu mbilimbili, nimechoka mno. Nikitoka hapa naanguka kitandani na viatu.

Kitinda

30 Machi

Mdogo wangu,

Sijui pa kuanzia, naanza tu.

Majibu ya Mama yametoka. Daktari alifunga mlango, akavuta kiti akakiweka upande wetu badala ya kukaa nyuma ya meza, nikajua kuna jambo. Alitueleza taratibu. Kila mtu ana nakala mbili za kila kitu katika damu, moja ya mama yake, moja ya baba yake. Mimi nina alama kwenye nakala moja. Mama anazo mbili, huku na huku. Yeye hakuugua kwa sababu hakulivuta vumbi, alikuwa kwenye masufuria yake. Lakini kwa kuwa nakala zake zote zina alama, hana nyingine ya kumpa mtoto. Yeyote aliyetoka tumboni mwake lazima atoke na alama, angalau moja. Na wewe karatasi yako inasema huna hata moja.

Akatuachia tufike wenyewe.

Nikasema mashine imekosea. Akasema naye alifikiri hivyo, ndiyo maana ya Mama waliirudia mara mbili. Akauliza kama karatasi hiyo inaweza kuwa ya mtu mwingine. Nikamwambia hapana, ina muhuri, ina namba yake ya kazi, na mdogo wangu si mtu wa hila. Basi akasema kwa upole kwamba zamani katika wodi za kujifungulia mambo yalikuwa yakitokea, hasa wodi ikiwa imejaa.

Unaijua hadithi ya kuzaliwa kwako, Mama ameisimulia mpaka tumeichoka. Wanawake watatu, wavulana watatu, nesi mmoja, na taa zimezima. Na jinsi anavyomalizia kwa utani, kwamba alipoletewa wewe alimwambia nesi, "Huyu mbona hafanani na mtu?" Miaka yote tumecheka. Pale kwa daktari hakucheka mtu.

Tulipofika nyumbani, Mama akatandika kitanda ambacho kilikuwa kimetandikwa.

Nisikilize vizuri. Mimi nilikubeba mgongoni. Hakuna karatasi itakayonifanya nisiwe dada yako, na huyo mwingine aliyeko huko aliko, kama yupo, simjui na wala simtafuti. Lakini Mama nashindwa kumsoma. Niandikie haraka. Mwandikie na yeye.

Dada yako

12 Aprili

Kitinda,

Hujajibu. Naelewa, au najaribu kuelewa. Labda na wewe umekaa mahali unajitazama mikono.

Nitakuambia linaloniuma. Mama ameacha kukuuliza. Asubuhi anakunywa chai yake, ananiuliza nimelalaje, ananipa vidonge vyangu, basi. Ile "Kitinda anakohoa?" imekwisha. Wiki mbili sasa. Jana nilimchokoza makusudi, nikasema sijui Kitinda huko kama yale mafua yamemwisha. Akajibu, "Atakuwa mzima tu," akaendelea kukunja nguo. Na anaimba, Kitinda. Anakunja nguo anaimba.

Nilimkasirikia. Nilimwambia, Mama, umemlea miaka thelathini na moja, unamtupa kwa ajili ya karatasi? Akanitazama kana kwamba nimesema lugha ngeni. Akasema, "Nani amemtupa?"

Mimi sina nguvu ya kugombana na mtu mzima. Pumzi yangu naipima, ya ngazi, ya cherehani, ya kugombana haipo. Tafadhali andika. Hata kama ni kunitukana.

Dada yako

4 Mei

Dada,

Mimi ni mtoto wa Mama. Usome hapo kwanza, umsomee na yeye, ndipo uendelee.

Ile damu si yangu. Siku manesi walipokuja kantini tulikuwa tumetoka zamu, kila mtu na kofia yake na barakoa yake, na kinachokutambulisha ni namba iliyoshonwa kifuani. Mimi na jirani yangu wa mashine, yule tunayemwita Mzito, tuliingia chooni tukabadilishana ovaroli. Yeye alikuwa ameshapimwa asubuhi, akaenda tena jioni na namba yangu. Ilinipwaya mabegani ovaroli yake nikiwa nimejificha humo chooni namsubiri, naye alirudi anacheka, ananionyesha pamba mbili, moja kila mkono. Karatasi uliyonayo ni ya damu ya Mzito. Ndiyo maana haina alama. Mama yake Mzito ndiye mwenye damu safi.

Nilifanya hivyo kwa sababu ya Baba. Niliona alivyokufa, na moyoni nilijua tu. Nilijua nikipimwa nitaonekana, nitapelekwa bohari, halafu nitapelekwa nje. Sijui kazi nyingine. Nikajiambia asiyeona haumwi. Na kwa kuwa karatasi yangu ilikuwa safi, wakaniweka penye vumbi kuliko pote, wakidhani ndipo pananifaa. Nimejichongea mkuki mwenyewe, Dada, na nikaunoa.

Uliponiomba nikapimwe ningeweza kukuambia. Nilituma nakala ili ulale. Nilidhani ni uongo mdogo wa kumpa mama yetu usingizi. Ulipoandika kwamba Mama amelala mchana saa tatu nzima, niliamua sitasema kamwe. Halafu ikaja ile ya nakala mbili. Nilikaa nayo wiki nzima mfukoni. Kila nikitaka kuandika naona aibu, na kila nikinyamaza namtoa Mama kwenye umama wake kwa mkono wangu. Uliposema ameacha kuniuliza, hapo nikashindwa. Naweza kukaa bila pumzi. Hilo siwezi.

Simu haikuwa mbovu. Nisingeweza kuongea nawe dakika mbili bila wewe kusikia. Wewe unakijua kifua hicho kuliko daktari.

Niliingia ofisini kwa msimamizi nikasema yote. Mzito alikuja nyuma yangu bila kuitwa, akasema na yeye alikuwemo. Tumepewa barua za onyo wote wawili, mimi nimeondolewa chumba cha kusaga siku hiyohiyo. Nikapimwa kwa jina langu, nesi akanifanya nivue barakoa na kofia akanitazama usoni kama mwizi. Majibu yametoka jana. Nina alama, zote mbili kama Mama, maana kumbe na Baba alikuwa nayo akanipa yake. Picha ya kifua inaonyesha vinundu, si vingi. Daktari wa huku anasema ni mapema, nikikaa mbali na vumbi na nikimeza vile vidonge vyako vya kuvimbisha uso naweza kwenda miaka mingi. Anasema naweza, hasemi nitaweza. Nimemwomba aniambie waziwazi, na huo ndio uwazi wake.

Sasa napanga maboksi. Kidole changu hakina kazi.

Mwambie Mama hakuna aliyebadilishwa wodini. Waliobadilishana ni wajinga wawili chooni, wakiwa watu wazima. Mwambie mimi ni wake, damu yake imo humu mara zote. Akitaka kuanza tena kuniuliza kama nakohoa, mwambie ndiyo, nakohoa.

Kitinda

15 Mei

Mdogo wangu,

Sitakugombeza. Nilikuwa nimeandaa maneno, mengine mazuri kabisa, lakini yalinichosha kabla sijayaandika. Umeniruhusu nikusifie kwa daktari kwamba si mtu wa hila. Hilo moja utanilipa siku nikiwa na pumzi. Na Mzito mpe salamu zangu. Kuingia mlango ule bila kuitwa si wengi wangefanya.

Uje ukae nasi hizo siku zako za mapumziko. Daktari wangu anataka kukuona, nimeshamwambia kila kitu, alishika kichwa. Dawa hizi meza baada ya kula, wala usiziache ghafla hata ukijisikia mzima. Uso utavimba, utazoea. Tutafanana sasa, na Mama atakosa ule utani wake.

Kuhusu Mama, naona bora nikuambie ilivyokuwa, maana mimi mwenyewe nilimsoma vibaya wiki zote zile.

Nilimsomea barua yako Jumapili baada ya chai. Nilianza na ule mstari wa kwanza kama ulivyotaka. Nilipofika kwenye ovaroli akaniambia nirudie, nikarudia. Nikaendelea hadi mwisho, vinundu na maboksi na yote. Nilikuwa nasoma huku moyoni nafurahi, nasema sasa mama huyu atamrudia mwanawe.

Akauliza, "Kwa hiyo ni wangu?"

Nikasema, "Ni wako, Mama. Hakuna aliyebadilishwa."

"Bila shaka?"

"Bila shaka. Nakala zote mbili."

Akalia, Kitinda. Baba alipokufa hakulia vile. Nilimshika mabega, nikamwambia, Mama, mbona unalia, si umempata mwanao? Ilichukua muda ndipo aliweza kusema. Alisema: "Nilikuwa nimeshamtoa. Siku ile ile, pale kwa daktari, nilimtoa moyoni nikampa yule mama mwingine, mwenye damu nzuri. Nikasema acha awe wake, mradi apumue. Ulikuwa unaniona naimba unakasirika, nami nilikuwa nashukuru. Kila asubuhi nilikuwa naamka nashukuru kwamba si wangu."

Nikamuuliza nikuandikie nini. Akajifuta, akasema nikuandikie hivi hivi bila kupunguza: kama bado kuna namna yoyote ya wewe kuwa mtoto wa yule mama mwingine, uwe.

Dada yako